Bibi zetu walizaa kumi na hawakuvuja mkojo: ni mkaja, ni kukandwa, ni kiuno, au walinyamaza tu?

#1 Mama Wawili Leicester
Habari za saa hizi wadada. Naingia moja kwa moja.

Nimejifungua mtoto wa pili huku Uingereza, njia ya kawaida. Tangu hapo nikipiga chafya, nikicheka, nikimkimbiza mkubwa bustanini, mkojo unanitoka. Si mwingi, ila bila pedi sitoki nyumbani. Daktari akanielekeza kwa mfiziotherapia wa akina mama, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi. Mzungu, mpole tu. Katikati ya mazungumzo akaniambia ameshangaa kidogo kuniona, maana darasani walifundishwa kwamba wanawake Weusi misuli yao ya nyonga ni imara, kuvuja si shida yao sana. Nikacheka, na mnajua nikicheka kinatokea nini.

Jioni nikampigia mama yuko Tanga. Naye akanipa hukumu yake: "Ulikataa kukandwa, ulikataa mkaja wa kufunga tumbo, wiki ya pili uko barabarani na kigari cha mtoto. Bibi yako kazaa kumi, hajavuja hata tone."

Kwa hiyo kwa mzungu mimi ni imara kwa sababu ya rangi, kwa mama mimi ni legelege kwa sababu nimeacha mila. Nani kati yao ana hoja?

#2 BintiMakorora
Pole shoga. Mama yako ndiye mwenye hoja. Jibu ni arobaini.

Mimi wanangu wote watatu nimezalia Tanga mjini. Siku arobaini hushiki ndoo, huinami kufagia, hupandi ngazi. Anakuja mtu mzima anakukanda asubuhi na jioni, maji ya moto yamechemshwa na majani, kitambaa kinachovywa kinakamuliwa kinabandikwa tumboni, mgongoni, kwenye nyonga. Ukimaliza unafungwa mkaja. Kisha uji wa pilipili manga mpaka jasho likutoke kwenye nyusi. Nipo na miaka yangu arobaini na kitu, naruka kamba na mabinti zangu. Nyie mnatoka wodini mnapitia supamaketi.

#3 Mkunga Mstaafu
Nimefanya kazi wodi ya wazazi hospitali ya mkoa hadi nilipostaafu, naomba nisahihishe kidogo hapo #2.

Kizazi hakirudishwi na maji ya moto. Kinajikaza chenyewe, na ndani ya wiki sita hivi kinakuwa kimerudi karibu na ukubwa wake wa zamani, ukandwe usikandwe. Kunyonyesha kunasaidia, maana mtoto akinyonya kizazi kinabana, ndiyo yale maumivu mnayoyasikia siku za mwanzo. Nimepokea wazazi waliobabuka tumbo kwa kukandwa. Nimepokea na waliojifungua kwa kisu, kidonda kimeachia kwa sababu shangazi alikanda juu ya nyuzi. Mwenye kisu hakandwi, nawaomba.

Mkaja nao ukifungwa kwa wastani unampa mzazi nafuu ya mgongo. Ukikazwa hadi pumzi inapanda juu, lile shinikizo linakwenda wapi? Linakwenda chini, kule kule kulikolegea.

Ila kwenye mapumziko mama yako yuko sahihi, Leicester. Kutobeba kitu kizito wiki sita za mwanzo ni ushauri hata mimi nilikuwa nautoa.

#4 Kaka wa Tandika
Samahani wadada, wanaume ruksa humu? Mke wangu ana hilo tatizo mwaka wa pili sasa. Hataki kwenda harusini, hataki kupanda basi la mbali. Nilidhani amenichoka mimi.

#5 ShangaziWaMtaa
Karibu kaka, vua viatu mlangoni. Inawezekana amekuchoka na anavuja, yote mawili yanaruhusiwa.

#6 LesoMbili
😂😂 Shangazi una kesi ya kujibu.

Mimi ni wa Mombasa na ninaona nyote mmeruka jambo lenyewe, nalo ni kiuno. Mwali wa zamani alifungiwa ndani, somo wake, yaani mwanamke wa kumfunda, akamfunza. Chakacha yenyewe, ngoma yetu ya wanawake, si mchezo wa mabega, mwaijua. Alifunzwa kukata kiuno, kubana na kuachia, tena kwa ngoma, usiku kucha. Yuko daktari Kegel wa Marekani, ameandika kuhusu mazoezi yake ya kubana misuli ya nyonga 1948. Somo wa nyanyangu hakumngoja. Tumeacha mafunzo, sasa twalipia mzungu atufunze kubana.

#7 Dada wa Mazoezi
LesoMbili, hoja yako ni tamu lakini naigawa nusu. Mimi ni mfiziotherapia, natibu wanawake hapa Dar.

Kukata kiuno kunatumia misuli ya tumbo, mgongo, makalio na mapaja. Ni mazoezi mazuri sana, siyapingi. Misuli inayozuia mkojo ni mingine, imetandazwa ndani chini ya nyonga kutoka mfupa wa mbele hadi kifandugu, kama kamba za kitanda cha kamba. Kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa vyote vimelala juu yake. Mimba inazivuta kamba miezi tisa, mtoto akipita zinavutika zaidi, nyingine zinachanika. Unaweza kuwa bingwa wa kiuno na kamba zimelegea. Ninao wateja wa namna hiyo.

Kubana na kuachia ndiyo dawa yenyewe, hapo somo alikuwa sawa kama kweli alifundisha hivyo. Bana kama mtu anayezuia upepo usitoke mbele za wakwe, vuta juu, shikilia, achia kabisa. Usibane makalio, usizuie pumzi. Mwongozo wa Uingereza unasema angalau mara nane kwa mpigo, mipigo mitatu kwa siku, miezi mitatu chini ya usimamizi ndipo uhukumu kama inafanya kazi. Wengi wanafanya wiki moja wanaacha. Na msifanyie chooni kwa kukata mkojo katikati kila siku, huko ni kukiharibia kibofu utaratibu wake.

Halafu kuna wanawake ambao misuli yao haijalegea, imekakamaa. Wanapata maumivu kwenye tendo, wanaona mkojo unatoka kwa shida au unawabana ghafla. Hao ukiwaambia wabane unawaongezea tatizo. Wanahitaji kufundishwa kuachia. Ndiyo maana nasema mpimwe kwanza.

Na wale wa kujiwekea shabu ukeni: acheni. Inakausha na kuchubua, haikazi msuli wowote.

#8 MamaKibosho
Wanaotetea arobaini nawashangaa, nyie ni watu wa haraka. Kwetu Uchagani mzazi anakaa ndani miezi mitatu, anakula mtori, na kisusio na mlaso vya damu, anatoka ananawiri mpaka mumewe anamwita mgeni. Sijawahi kusikia mama wa Kibosho anavuja.

#9 BintiMakorora
Mtori wenu ule wa kusaga hadi mifupa? Uji wa pilipili manga mzazi anatoa uchafu wote, nyie mnamnenepesha tu.

#10 MamaKibosho
Mtori hausagwi mifupa dada. Ndizi zinachemshwa na nyama mpaka zilainike, unatoa nyama, unaponda ndizi, unarudisha nyama. Pilipili manga endeleeni kumuunguzia mtoto maziwa.

#11 Mkunga Mstaafu
Pilipili haimuunguzi mtoto maziwa. Mtori ni chakula kizuri. Vyote viwili havihusiani na mkojo. Turudi kwenye uzi.

#12 DadaColumbus
Mimi niko Ohio, Marekani, na nilitaka kujibu upande wa yule mzungu wa Leicester, maana wengi mmemruka.

Hilo alilofundishwa lina chanzo. Kuna utafiti wa Michigan uliochapishwa 2008, uliwauliza wanawake Weusi na Weupe. Weupe waliosema wanavuja walikuwa zaidi ya mara mbili ya Weusi. Ila kwa Weusi waliovuja, ile ya kubanwa ghafla ukakimbilia choo ilikuwa na sehemu kubwa zaidi kuliko kwa Weupe, na ile ya chafya na kucheka ilikuwa na sehemu ndogo zaidi. Kwa hiyo tofauti ilionekana. Swali ni kwa nini.

Lakini muangalie elimu hiyo ilikotoka. Katika miaka ya 1930, Caldwell na Moloy huko New York waliigawa nyonga ya mwanamke katika maumbo manne, na vitabu vikafundisha umbo hili ni la Wazungu, lile ni la Waafrika. Na kabla yao, Alabama, kati ya 1845 na 1849, daktari J. Marion Sims alijifunza kushona fistula, tundu la uzazi linalovujisha mkojo, kwenye miili ya wanawake watumwa. Majina ya watatu tunayajua: Anarcha, Betsey, Lucy. Anarcha alipasuliwa mara 30 bila dawa ya usingizi, ingawa dawa ilikuwepo. Ile imani kwamba mwanamke Mweusi ni imara, haumii sana, haikuanzia kwa mfiziotherapia wako. Sanamu ya Sims ilisimama New York mpaka 2018 ndipo ikaondolewa.

Kwa hiyo mtu akiniambia mimi ni imara, huwa namuuliza: imara kwa faida ya nani?

#13 MsomajiWaUsiku
Dada Columbus, sahihisho dogo kwa faida ya uzi. Sims alipoanza 1845 etha ilikuwa bado haijaonyeshwa hadharani kama dawa ya usingizi. Hilo lilifanyika Boston mwaka 1846. Baada ya hapo ndipo hana pa kujificha, maana aliendelea hadi 1849 bila kuitumia kwao.

Na kwenye takwimu: Michigan *waliulizwa*. Kuna utafiti wa vijijini Gambia uliotoka 2001, wao wanawake *walipimwa* na madaktari. Karibu nusu walikutwa na dalili za viungo vya nyonga kushuka. Najua kushuka na kuvuja si kitu kimoja, lakini huwezi kuja kuniambia nyonga ya Mwafrika ni chuma. Mtu akiulizwa anajibu anachoweza kukisema.

#14 LesoMbili
Gambia si Mombasa. Wao wachota maji visimani na ndoo kichwani na kulima wakiwa na mimba ya miezi minane. Mwanamke wa mjini wa zamani kwetu alikuwa na mtu wa kumchotea.

#15 ShangaziWaMtaa
Na huyo aliyemchotea, nyonga yake ilikuwa ya nani? Tunapiga hesabu ya mabibi wa barazani tu, wale wa jikoni hawamo.

#16 Furaha wa Bukavu
Jambo wamama. Miye niko Bukavu. Mimi nasema msicheze na neno fistula kama hadithi ya zamani ya Marekani. Kwetu hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa na daktari Mukwege mwaka 1999, imewashona wanawake wengi sana. Wengine ni kwa sababu ya kubakwa wakati wa vita, wengine ni kwa sababu ya kuzaa tu, mtoto amekwama, barabara hakuna. Dada yangu mkubwa alikuwa nayo ya kuzaa. Watu walisema amerogwa. Alikaa nyuma ya nyumba miaka, kula peke yake. Sasa ameshonwa, anauza samaki sokoni na anasema sana kuliko sisi wote.

#17 Kaka wa Tandika
Basi mke wangu ana fistula?? Mmenitisha.

#18 Mkunga Mstaafu
Tulia baba. Fistula ni tundu. Mtoto anakwama njiani kwa muda mrefu, kichwa kinakandamiza nyama kati ya kibofu na njia ya uzazi, damu haifiki, nyama inakufa, siku chache baadaye inadondoka na kuacha tundu. Baada ya hapo mkojo unatoka wenyewe mchana na usiku, hauna breki, amelala unatoka, amekaa unatoka. Mkeo akivuja anapokohoa au akicheka, na usiku analala mkavu, hiyo si fistula. Apelekwe akapimwe hata hivyo.

Kama kuna anayesoma hapa ana dalili hizo za fistula, au ana ndugu kijijini, hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanatibu fistula bure, na wamekuwa wakimtumia mgonjwa nauli kwa simu. Hospitali ya Bugando kule Mwanza nao wanashona. Haina uchawi.

#19 UmmuFatma Muscat
Assalaam alaykum. Nimesoma yote, naomba niongeze la ibada kwa sababu ndilo lililonitesa mie.

Mie asili yangu Unguja, naishi Muscat. Baada ya mtoto wa nne niliacha kusali tarawehe msikitini, kisha nikawa hata nyumbani nasali kwa wasiwasi, udhu unavunjika kila nikirukuu. Nilidhani sala zangu zote hazifai. Siku moja nikamuuliza mwalimu wa kike chuoni. Akanambia nina udhuru: nijisafishe, nivae kinga, nitawadhe baada ya wakati kuingia, nisali faradhi yangu, likitoka tone sina neno. Nililia pale pale. Miaka yote ile nakaa na mzigo ambao dini ishauteremsha.

Na BintiMakorora, ati arobaini si mpaka wa nifasi, damu ya uzazi, kwa sisi wa madhehebu ya Shafi. Mwisho wake siku 60, arobaini ndiyo iliyo kawaida. Mwenye kutwaharika mapema anakoga anasali, hangoji arobaini.

#20 BintiMakorora
Ahsante kwa elimu Ummu. Mie nilisema arobaini ya kukaa ndani, si ya sala. Lakini umenigusa hapo pa kurukuu, nina shangazi yangu sasa namuelewa kwa nini husali peke yake chumbani.

#21 ShangaziWaMtaa
Kumbe #2 familia yako wamo wanaovuja 👀

#22 BintiMakorora
Shangazi huyo hakukandwa. Alizalia Dodoma.

#23 Mke wa Mngazija
Bonjour kutoka Marseille. Mimi Mtanzania, mume Mngazija. Ufaransa ukishajifungua unaandikiwa mafunzo ya misuli ya nyonga, kwa kawaida mara kumi, kwa mkunga au kwa fiziotherapia, bima ya taifa inalipa. Hakuna anayekuuliza kama unavuja. Wamefanya kuwa sehemu ya uzazi kama chanjo ya mtoto.

Kichekesho ni kwamba hapa mtaani Wangazija wengi hawaendi. Wakwe zangu walisema ni aibu mtu mgeni kuingiza vidole. Mimi nilikwenda, jioni nikarudi nikakandwa na mama mkwe. Nimepona. Ni kipi kilichoniponya sijui, na mama mkwe ana uhakika wake.

#24 MsomajiWaUsiku
Hii ndiyo shida ya "bibi alipona". Wengi hupata nafuu miezi ya mwanzo hata bila kufanya lolote. Ukikandwa, kukandwa kunapata sifa. Ukifanya mazoezi, mazoezi yanapata sifa.

#25 Dada wa Mazoezi
Msomaji, mazoezi yamelinganishwa na kutofanya kitu, mara nyingi tu, na yanashinda. Usiyaweke kapu moja na pilipili manga.

#26 Naserian wa Manyara
Mmezungumza mila kama kitu cha kupumzisha mzazi tu. Kwetu kuna mila nyingine. Nilikeketwa kabla sijavunja ungo. Nilipozaa nilichanika vibaya kwenye lile kovu, nikashonwa kituo cha afya, sijawahi kuwa sawa chooni, na siongelei mkojo pekee. Sheria ya 1998 ya kukataza kukeketa wasichana ilikuwa imeshapita. Takwimu za taifa zinasema imeshuka, asilimia 10 kwenye utafiti wa 2015/16, asilimia 8 ule wa 2022, lakini mkoa wetu bado uko juu kabisa kwenye orodha.

Bibi yangu naye alikuwa mtu wa mila na alinipenda sana. Ndiye aliyenishika mikono siku hiyo. Kwa hiyo nikisoma "turudi kwa bibi zetu" nasita kidogo.

#27 DadaColumbus
Naserian, asante kwa kuandika. Pole haitoshi.

#28 Dada wa Mazoezi
Naserian, kovu la namna hiyo linaweza kutibiwa, na haja kubwa ikikushinda kuzuia usiambiwe ni kawaida ya mzazi. Mwambie daktari wa rufaa neno kwa neno ulivyoandika hapa, asikutazame mkojo tu. Ukihitaji nikueleze zaidi niandikie faragha.

#29 MjukuuWaLindi
Nimefanya utafiti wangu wa kitaalamu: nimempigia bibi yangu Lindi. Kapitia unyago wote, kafunda mabinti, kazaa tisa. Nikamuuliza, "Bibi, mlikuwa mnavuja mkojo baada ya kuzaa?" Kanyamaza. Kisha akasema, "Wewe unafikiri tulikuwa tunavaa kanga mbili kwa nini?"

#30 ShangaziWaMtaa
Uzi ufungwe.

#31 LesoMbili
Usifungwe kitu. Bibi mmoja wa Lindi si ushahidi. Leso mbili ni heshima, moja ya kujifunga moja ya kujitanda, na za kwetu zina jina, mwaziona hapo juu.

#32 MjukuuWaLindi
Nikamuuliza pia kama kwenye unyago walifundishwa kubana. Akasema walifundishwa, "lakini kwa ajili ya mume, si kwa ajili ya chafya." Nawaachia wataalamu mgawane.

#33 Mama Wawili Leicester
Nimesoma yote, asanteni. Naserian, na yule dada wa Furaha, wamenitoa machozi.

Nilimrudia mama na swali la MjukuuWaLindi, kama bibi alisema mwenyewe kwamba havuji. Akasema bibi si mtu wa kusema mambo hayo. Nikamwambia basi umejuaje. Akanijibu nisimletee Uingereza kwenye simu, na kwamba mahari yangu ilikuwa na fungu la mkaja, alipewa yeye kwa kunifungia tumbo lake miaka ile, na mimi binti yangu atakapoolewa nitadai kwa tumbo lipi.

Yule mfiziotherapia nitarudi kwake Jumanne. Dada Columbus, nitamuuliza hiyo Michigan. Huku wanawake Weusi tunakufa kwa uzazi zaidi ya mara mbili ya Weupe kwa ripoti za miaka ya karibuni, kwa hiyo habari ya uimara inanikera zaidi kila nikiifikiria, ingawa amenisaidia kuliko yeyote.

#34 Kaka wa Tandika
Mimi nimeongea na mke wangu leo, nimemsomea posti ya mkunga. Hakusema neno ila amekubali twende. Dada wa Mazoezi, tunaanzia wapi, na ni shilingi ngapi?

#35 Dada wa Mazoezi
Anzieni kliniki ya akina mama ya hospitali ya mkoa, apimwe mkojo kwanza kama ana maambukizi, kisha aombe rufaa ya fiziotherapia. Bei inategemea hospitali na bima. Aandike siku tatu kabla: amekunywa maji kiasi gani, amekwenda haja mara ngapi, amevuja akiwa anafanya nini. Na asipunguze maji ili asivuje, mkojo mzito unakichokoza kibofu zaidi.

#36 MamaKibosho
Na mpikie mtori.

#37 BintiMakorora
Mkaja wa mahari ya kwetu ni laki ngapi siku hizi, kuna anayejua? Nina mabinti wawili na tumbo nililifunga mimi.